Pointi Tano: Maneno ya Mashabiki Baada ya Mechi

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mtumishi wa serikali, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu. Inachapwa hapa kwa ombi la wanachama.)



Kamati iliniandikia barua ikinitaka nizungumze juu ya michezo. Kila mwaka mnaambiwa hapa kwamba michezo hujenga afya, hufundisha nidhamu na kuleta urafiki. Hayo ni kweli, nami sitayarudia. Nataka kuzungumza juu ya jambo linalokuja mchezo ukishakwisha: yale maneno ya mashabiki wanapokaa kupima nani kacheza vizuri na nani kaharibu. Nimechagua mchezo wa mbali, ili asiwepo mtu hapa wa kuvutia upande wa timu yake. Nikichukua mfano wa Simba na Yanga, hatutafika kwenye chakula cha mchana.

Mwaka 2018 nilikuwa katika mji wa Perth, magharibi mwa Australia, nikisomea shahada ya pili. Huko wana mpira wao wenyewe. Uwanja wake ni wa duara lililorefuka, na mpira wenyewe una umbo la yai. Kila upande una wachezaji 18 uwanjani. Mchezaji anaruhusiwa kuupiga mpira kwa mguu, kuushika na kukimbia nao kwa masharti, au kumpa mwenzake kwa kuupiga ngumi. Kuurusha kwa mkono hairuhusiwi. Akidaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mita 15 au zaidi, kabla haujaguswa na mtu wala kugusa ardhi, hupewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Mchezo una robo nne, na mwisho wake hutangazwa kwa king'ora.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya magoli, maana ndiyo kiini cha maneno yangu. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni. Mpira uliopigwa kwa mguu ukipita kati ya nguzo ndefu bila kuguswa na mwingine, ni goli, nalo lina pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi, wanaita bihaindi, nayo ina pointi 1. Ukigonga nguzo ndefu ni pointi 1, na hata mlinzi akibanwa akausukuma mwenyewe nyuma ya mstari wake, wapinzani hupata hiyo pointi 1. Kwa hiyo bihaindi ni kama makombo ya mezani. Mpiga goli hushangiliwa. Mpiga bihaindi husikia watu wakiguna.

Tarehe 29 Septemba 2018 ilichezwa fainali ya mwaka ule katika uwanja mkubwa wa Melbourne. West Coast, timu ya Perth, ilikutana na Collingwood, timu ya Melbourne iliyoanzishwa mwaka 1892. Watazamaji walikuwa 100,022, na walio wengi walikuwa wa Collingwood. Sisi wa Perth tulitazama televisheni saa sita na nusu mchana. Robo ya kwanza ilipokwisha, Collingwood walikuwa na pointi 31, na West Coast walikuwa na pointi 2 tu. Katika nyumba niliyokuwamo, mtu mmoja aliinuka akaenda kukata majani bustanini.

Alirudi baadaye, maana West Coast walilipunguza lile pengo kidogo kidogo hadi mchezo ukawa nipe nikupe. Zilipobaki dakika chache kabisa, Collingwood walikuwa mbele kwa pointi 2. Ndipo mlinzi wa West Coast, Jeremy McGovern, alipoudaka mpira karibu na lango lake mwenyewe. Aliupiga mbele, Nathan Vardy akaudaka katikati ya msongamano. Vardy akampelekea Liam Ryan, naye akaudaka, na bila kupoteza wakati akaupiga pembeni kwa Dom Sheed. Sheed alikuwa karibu na mstari wa pembeni, mahali ambapo nguzo zinaonekana kama zimesogeleana. Akaupiga kwa mguu wa kushoto, ukapita katikati. West Coast walishinda kwa pointi 79 dhidi ya 74.

Ndugu zangu, Jumatatu yake chuoni kazi haikufanyika mpaka saa nne. Katika chumba cha chai walikaa fundi mmoja mzee wa maabara, karani wa ofisi ya masomo, na mwalimu mmoja mwenye asili ya Melbourne ambaye alikuwa mtu wa Collingwood. Wao wana desturi ya kumchukua mchezaji mmoja mmoja na kumpa alama kati ya 10. Nami nilikaa na kikombe changu nikisikiliza.

Wa kwanza kutajwa alikuwa Sheed, naye akapewa 10. "Ndiye aliyetupa kombe," akasema karani. Fundi akamwuliza, "Na nani aliyempa yeye mpira?" Wakaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua: Ryan, Vardy, McGovern. Fundi akasema kwamba McGovern alicheza akiwa na maumivu ya ubavuni aliyoyapata katika mechi iliyotangulia, na kwamba bila yeye ule mpira ungeelekea kwenye lango lao.

Karani alikuwa mtu wa hesabu. Alikuwa na gazeti lenye jedwali la mara ngapi kila mchezaji aligusa mpira na kuutoa. Wenzetu wale huhesabu kila kitu. Mwanzoni mwa mwaka uleule Tom Mitchell wa Hawthorn aliwahi kuutoa mpira mara 54 katika mechi moja, tena dhidi ya Collingwood, na mwisho wa msimu akapata nishani ya Brownlow, ambayo hutolewa kwa kura za waamuzi wa uwanjani. Lakini yule mwalimu wa Collingwood akasema: "Katika jedwali lako nionyeshe Willie Rioli alifanya nini wakati Sheed anadaka." Karani akatafuta, asione kitu. Rioli hakuugusa mpira. Alisimama katika njia ya mlinzi wa Collingwood, Brayden Maynard, akamchelewesha, na Sheed akadaka akiwa huru. Mwamuzi hakupiga filimbi. Watu wa Collingwood walisema ile ni rafu. Watu wa Perth walisema ni kazi halali. Hilo sitaliamua mimi hapa. Ninalotaka mlione ni kwamba hata aliyeshindwa, kwa uchungu wake, alikuwa ameona kitendo ambacho jedwali halikukiona.

Kisha likaja jina la Jack Darling, na chumba kikawa na joto. Katika robo ya nne Darling alikosa kudaka mpira ambao mtu wa kiwango chake hutazamiwa kuudaka. Kosa kama hilo lilimpata pia katika fainali ya mwaka 2015, West Coast walipofungwa na Hawthorn kwa pointi 107 dhidi ya 61, na watu walilikumbuka kwa miaka mitatu. Safari hii karani alitaja tukio hilo huku akicheka, akampa alama 7. Fundi hakucheka. Alisema: "Kama Sheed angekosa, leo ungempa 2, na mtoto wake angeyasikia hayo shuleni. Mpira aliouangusha ni uleule. Aliyebadilisha alama yake ni mguu wa mtu mwingine."

Ndugu Mwenyekiti, nimesoma vitabu kadhaa juu ya utawala, lakini sijaona mahali palipoelezwa vizuri zaidi namna tunavyodhulumu watu katika kupima kazi zao. Tunautazama mwisho wa jambo, kisha tunarudi nyuma kugawa sifa na lawama. Ikiwa mwisho ni mwema, makosa yote yanasahauliwa na mtu mmoja anabebwa mabegani. Mwisho ukiwa mbaya, anatafutwa mmoja wa kuubeba ubaya wote. Na pale ambapo ushindi au kushindwa kumetengana kwa unywele, dhuluma hiyo huzidi.

Yule fundi alimaliza mazungumzo kwa hesabu ya darasa la nne. Alichukua kalamu akaandika pembeni ya gazeti: West Coast, magoli 11 na bihaindi 13. Collingwood, magoli 11 na bihaindi 8. Tazameni vijana: magoli 11 kwa 11! Kwa magoli, timu zile zilikuwa sawasawa. Tofauti yote ya pointi 5 ni ile mipira iliyopita kando, ambayo kila mmoja wetu aliiguna. Liondoe goli la Sheed, West Coast wanabaki na 73, wameshindwa kwa pointi 1. Ziondoe zile bihaindi 5, wanabaki na 74, wametoka sare. Basi nani alishinda mechi? Mwalimu wa Collingwood alilikunja lile gazeti akaondoka nalo. Nadhani alikwenda kuhesabu upya.

Wenye mchezo wao kwa kiasi fulani wanalifahamu jambo hili. Nishani ya Norm Smith, inayotolewa kwa mchezaji bora wa fainali tangu mwaka 1979, siku ile hakupewa Sheed. Alipewa Luke Shuey, mchezaji wa katikati, kwa kazi aliyoifanya tangu mwanzo hadi mwisho. Wanaochagua waliupima mchezo mzima. Sisemi kwamba Sheed hakustahili sifa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na shujaa naye ana haki yake. Kuupiga mpira ule mbele ya watu laki moja si kazi ndogo.

Mtaniuliza mambo haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu sana sisi tulio katika utumishi. Mimi hujaza fomu za kupima kazi za wenzangu kila mwaka. Katika ofisi moja niliyopata kufanya kazi, taarifa muhimu ilitakiwa kesho yake asubuhi, na jalada lenye takwimu za miaka ya nyuma lilikuwa halionekani. Mtunza masjala alikaa hadi saa tatu usiku akipekua makabati, akalipata katika rafu isiyo yake. Asubuhi taarifa ilisomwa mbele ya wakubwa, msomaji akapigiwa makofi, na barua ya pongezi ikatoka ikiwa na jina moja. Mtunza masjala yule alistaafu bila barua yoyote. Alikuwa na watoto wanne aliokuwa akiwasomesha, na kupandishwa cheo hata ngazi moja kungeonekana katika pensheni yake. Hivyo kupima kazi za watu si mazungumzo ya kupitishia chai. Kuna ada za shule ndani yake.

Ninyi vijana nanyi mna jedwali lenu. Matokeo yakitoka mnamtazama aliyeongoza, na hiyo ni haki yake. Lakini yuko aliyewafundisha wenzake hesabu jioni, wakati yeye mwenyewe ana mengi ya kusoma. Yuko aliyekuwa akiwasha taa na kufagia darasa la kujisomea. Na yuko aliyekosea swali moja mkamtania mwaka mzima. Kabla hamjampa mtu 2, jiulizeni kama mngempa 2 ileile endapo mambo yangekwisha vizuri.

Nimalizie kwa kijana mmoja wa upande wetu huu wa dunia. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, katika familia ya watu wa Sudan Kusini ya leo. Akiwa mtoto alihamia Australia, na huko akaujua mpira huu wa umbo la yai. Kazi yake uwanjani si kufunga. Ni mlinzi, husoma mpira wa wapinzani unakoelekea na kuukata njiani. Mwaka 2021, akiichezea Port Adelaide, alichaguliwa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi nzima. Basi wapo watu duniani wanaojua kumtazama mlinzi. Nanyi jizoezeni kuwa watu wa namna hiyo.

Ndugu wanachama, leo alasiri timu ya wazee itacheza na timu ya shule. Mchezo utakwisha na maneno yataanza. Nawaomba kila mmoja, kabla hajamtaja mfungaji, ataje kwanza jina la mtu mmoja ambaye hakufunga, na aseme alichokifanya. Kidole kimoja hakivunji chawa.