Kambi ya Majira ya Joto kwa Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu
(Hotuba iliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana wote wa Upare mlioko hapa Marekani,

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu huliongea kwa simu usiku, si mkutanoni. Huku shule hufungwa Mei au Juni, zikafunguliwa Agosti au Septemba. Watoto wengine huenda kambi, wakaogelea, wakacheza, wakapata marafiki. Mtoto wetu mwenye usonji, ulemavu wa akili au selimundu hubaki sebuleni na televisheni, na mama hupunguza zamu kazini ili amwangalie. Nyumbani angekuwa na bibi, shangazi na uwanja mzima wa binamu. Huku ana sisi tu.

Kwanza, ijueni haki yenu. Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inakataza kambi iliyo wazi kwa umma kumkataa mtoto kwa sababu tu ana ulemavu. Inatakiwa kuangalia hali ya mtoto huyo mwenyewe na kufanya marekebisho yanayowezekana, bila kumtoza mzazi nyongeza kwa ajili hiyo. Kambi zinazoendeshwa na taasisi za dini hazibanwi na sehemu hiyo ya sheria, kwa hiyo huko zungumzeni mapema na viongozi.

Pili, anzeni Januari. Nafasi nzuri hujaa mapema, na misaada ya ada hutolewa kwa wanaowahi. Muulizeni pia mhudumu wa kesi ya mtoto, kwani katika baadhi ya majimbo Medicaid huweza kulipia sehemu ya gharama.

Tatu, kabla ya kulipa, nendeni mkaione kambi na muulize: Mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi? Nani anatoa dawa, na muuguzi yupo saa zote? Mtoto akizidiwa na kelele mnampeleka wapi? Akipenda kukimbia, uzio uko wapi, na bwawa linalindwa na nani? Atasaidiwaje chooni? Anayejibu kwa haraka "hakuna shida" bila kuuliza chochote juu ya mtoto wako, mwogope. Anayekuuliza maswali mengi kuliko yako, huyo msikilize.

Nne, jazeni fomu kwa ukweli wote. Mficha uchi hazai. Mlezi asiyeambiwa kwamba mtoto hupata kifafa hawezi kumwokoa. Mwenye selimundu anaweza kushikwa na maumivu makali kwa maji baridi au kwa kukosa maji ya kunywa, na mlezi lazima alijue hilo kabla ya siku ya kwanza. Zipo kambi zilizoundwa kwa watoto kama hao. Mojawapo ni The Hole in the Wall Gang Camp ya Ashford, Connecticut, iliyoanzishwa mwaka 1988 na mwigizaji Paul Newman. Inapokea watoto wenye selimundu, saratani na magonjwa mengine mazito, na familia hailipi chochote.

Ndugu zangu, mchango wa mwaka huu una mifuko miwili. Mmoja utasaidia ada za kambi kwa watoto wetu walioko huku. Wa pili utanunua vifaa vya kitengo cha elimu maalumu katika shule ya msingi kule nyumbani, maana yuko mtoto kama huyu anayefungiwa ndani Usangi, na yuko mwingine Same.

Wazee wetu walipoitisha msaragambo, kila nyumba ilitoa mtu, na mfereji ulichimbwa hata kwa shamba la asiyeweza kushika jembe. Bahasha ziko mezani kwa Mweka Hazina. Na mzazi mwenye mtoto wa namna hii asiondoke leo kabla hajaandikisha jina lake kwa Katibu, ili Januari ikifika tuanze kutafuta pamoja.