Hewaukaa, Naitrojeni na Miti ya Matunda Katika Majabali ya Igogo



Mti wa matunda hujenga mwili wake kwa vitu viwili visivyolingana kwa upatikanaji: hewaukaa, iingiayo majanini kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho, nayo imeenea juu ya shamba la tajiri na la maskini sawasawa, na naitrojeni, ambayo, ijapokuwa imejaa hewani, mti hauipati ila kwa mizizi, ikiwa imekwisha kuyeyuka katika maji ya ardhini. Nadai kwamba dhiki ya miti ya Igogo, mtaa wetu wa majabali kando ya ziwa, imo katika hicho cha pili.

Kabla ya viwanda kuenea duniani, katika kila chembe milioni moja za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewaukaa. Leo zimepita 420. Wako waionao ziada hiyo kuwa neema kwa mkulima, wala hawakosi ushahidi: huko Phoenix, Marekani, tangu 1987, wataalamu waliizungushia midanzi kuta za plastiki zilizo wazi juu, wakaiongezea hewaukaa kwa muda wa miaka 17, ikanenepa na kuzaa kuliko mingine isiyoongezewa. Lakini midanzi ile haikunyimwa maji wala mbolea, na hapo ndipo penye siri yote. Kimeng'enya kiitwacho rubisko, ambacho huishika hewaukaa na kuianzishia safari ya kuwa sukari, ni protini, na katika jani la mpapai, mwembe au mchungwa hukusanya sehemu kubwa ya naitrojeni. Umbijani nao, kila molekuli yake ina atomi 4 za naitrojeni. Hewaukaa ikizidi katika jani lenye njaa ya naitrojeni, haina wa kuipokea.

Utazameni mpapai uliosimama baina ya mawe mlimani kwetu. Majani ya chini yamegeuka manjano, ilhali ya kileleni yangali kijani. Huo aghalabu si ugonjwa: mti umeing'oa naitrojeni katika majani makuukuu ili uyalishe machanga. Udongo wetu, uliozaliwa na mawe ya matale, ni mchanga usioshika rutuba, na masika yanapopiga mteremkoni, mbolea iliyomwagwa jana huteremka na mitaro hadi ziwani, ikayanenepesha magugumaji.

Basi napendekeza kila shina lizungushiwe kingo za mawe, ambayo Igogo hayanunuliwi; samadi ya mbuzi iliyooza itangulie; kisha yurea itolewe kidogokidogo na kufukiwa, kwani ikiachwa juu sehemu yake hupaa. Mpapai, uchanuao mwaka mzima, hupenda kulishwa mara kwa mara. Mwembe sivyo: ukishibishwa karibu na majira ya maua huchipua majani matupu, kwa hiyo upewe haki yake mara tu baada ya mavuno.