Kifaa cha Kuchunguza Masafa Kinapodanganya

Leo tunazungumza na mafundi wa redio za mawasiliano migodini, kuanzia Mwadui hadi Bulyanhulu na Geita.

Mgodini, dereva wa lori na fundi wa baruti husikilizana kwa redio ya mkononi. Sauti ikikwaruza, maisha ya watu yako hatarini. Hapo ndipo kifaa cha kuchunguza masafa kinapohitajika: kioo chake huonyesha kila wimbi kama mlingoti, na lenye nguvu zaidi ndilo refu zaidi.

Lakini karibu na mnara wa FM kifaa huzidiwa, kikaonyesha mawimbi yasiyokuwepo. Funga kipunguza nguvu cha desibeli 10 kati ya antena na kifaa. Wimbi la kweli litashuka desibeli 10 hizo hizo. La uongo litaporomoka zaidi, au litatoweka kabisa.

Usipoona kitu kwenye kioo, anza kwa kukagua kebo. Vumbi hupenya kwenye viungio. Na tafadhali sana, usichomeke redio ya wati 5 moja kwa moja kwenye kifaa. Utakiunguza.

Ukimbaini anayeingilia mawasiliano yenu, usimvamie. Andika masafa, saa na mahali, kisha toa taarifa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ofisi ya Kanda ya Ziwa, Mwanza.