Kazi ya Mikono na Soko Lake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Mwabungo)



  Mimi ni karani tu, na kazi yangu ni kuandika maneno ya watu wengine. Kwa hivyo nikisema langu mwenyewe na ulimi ukateleza, nawaomba wazee wangu mnisahihishe kama mmsahihishavyo mtoto wenu.

Nimetakiwa kueleza habari za biashara ya vitu vifanywavyo kwa mikono: namna ya kuianza na namna ya kuidumisha. Nitasema hayo, kisha mwisho nitaleta ombi moja mbele ya mkutano huu, maana maneno yasiyo na ombi wala ahadi huishia mlangoni.

Kazi za mikono si ngeni kwetu. Tazameni hapa tulipoketi. Mkeka ulio chini ya wazee umesukwa kwa ukindu. Jamvi lililo pale ukumbini ni la miyaa. Paa lililo juu ya vichwa vyetu ni la makuti yaliyoshonwa na watu wa kijiji hiki. Majumbani tuna makawa ya kufunikia chakula, vifumbu vya kukamulia tui, vipepeo vya kupulizia moto, na mapakacha ya kuchukulia mazao. Na wavuvi wetu wana madema yao. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini sisi twaviona vyaelea kila siku, wala hatumuulizi aliyeviunda amepata nini.

Mkeka hautoki mtini ukiwa mkeka. Kwanza ukindu hufuatwa bondeni kwenye maji, hukatwa, hubebwa kichwani, huanikwa juani hata uwe mweupe. Wa kutiwa rangi huchemshwa chunguni. Kisha huchanwa chane moja moja, ndipo husukwa ukili, pima baada ya pima, usiku watoto wakiisha lala. Na mwisho ukili hushonwa, ukingo kwa ukingo. Mama yangu mzazi alinilipia sehemu ya karo yangu ya sekondari kwa kazi hiyo. Nilisoma hesabu kwa fedha za mikeka yake, wala sikupata hata siku moja kumpigia yeye hesabu yake. Jambo hilo lanisikitisha hata leo.

Sasa, wazee wangu, nawaomba mnivumilie nitoe habari za kosa langu mwenyewe, kwani naamini litawafaa kuliko mashauri ya kitabuni.

Mke wangu pamoja na jirani zake wanne walipata mwenye duka, upande wa hoteli za pwani, aliyetaka vikapu 40 vya ukindu. Furaha ilikuwa kubwa. Tulitoa shilingi 11,600 katika akiba ya nyumba yangu, zikanunua ukindu, rangi na mikono ya ngozi, na zikawa nauli. Kila mama alisuka vikapu vinane. Vilipofika dukani, 13 vilipokewa na 27 vilirudishwa. Sababu ilikuwa nini? Havikulingana. Kimoja kilikuwa kirefu, kingine kipana, kingine mdomo wake umekaza. Kila kimoja kilikuwa kizuri pekee yake, lakini havikuwa ndugu. Mwenye duka alitaka ndugu 40, wala hatukumuuliza, wala yeye hakutueleza, wala hapakuwa na karatasi yo yote baina yetu.

Vile 13 vililipwa shilingi 550 kila kimoja, baada ya miezi mitatu. Vile 27 tulivitembeza huku na huku, tukaviuza kwa shilingi 250. Jumla ya yote ikawa shilingi 13,900. Toa gharama, zikabaki 2,300; gawanya kwa akina mama watano, kila mmoja alipata 460 kwa kazi ya siku 24. Haifiki shilingi 20 kwa siku. Mmoja wao, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote, aliziweka zile fedha mkononi akazitazama, asiseme neno. Tangu siku ile hajasuka tena.

Nani mwenye kosa? Simlaumu mwenye duka. Mimi ni mtu ambaye kila siku huwaandikia wengine barua na mapatano, nami nilishindwa kuiandikia nyumba yangu ukurasa mmoja. Niliona kuwa ile ni kazi ya wanawake tu, haihitaji kalamu.

Katika kosa hilo tulijifunza mambo matatu, nayo ndiyo mwanzo wa biashara hii.

La kwanza ni kipimo. Sasa kila mama ana ufito uliotiwa alama: hapa mwisho wa kimo, hapa mwisho wa upana. Haukugharimu senti moja, na vikapu vimekuwa ndugu. Wengine husema kuwa kipimo chaua usanii. La, hasha! Nakshi na rangi ni za msukaji mwenyewe. Kipimo ni cha mnunuzi.

La pili ni bei. Watu wengi huuliza, "Jirani auza kiasi gani?" kisha hupunguza kidogo. Hiyo si bei, ni kushindana kuzama. Tupige hesabu ya kikapu kimoja: ukindu shilingi 120, rangi 40, mikono ya ngozi 100, nauli 30, jumla 290. Mchuuzi ajapo mlangoni akatoa 400, mama huona amepata 400. Kweli amepata 110, tena kwa kazi ya siku tatu. Hata shilingi 37 kwa siku hazifiki. Asiyejua gharama yake hawezi kujua kama auza au atoa sadaka.

La tatu ni maandishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu ni la shule, lenye safu nne: kilichonunuliwa, kilichouzwa, nani anadaiwa, nani amelipwa. Na kila agizo lina karatasi yenye kipimo, rangi, idadi, bei, siku ya kuleta na siku ya kulipa, na nusu ya fedha hutangulia kama arubuni. Tulipopata agizo la pili tulikubali vikapu kumi tu, kwa shilingi 650 kila kimoja. Vyote kumi vilipokewa. Zilipatikana 6,500, gharama 2,900, zikabaki 3,600. Kila mama alipata 720 kwa siku sita, yaani shilingi 120 kwa siku. Si utajiri, lakini ni mara sita ya ule mwanzo, na mikono ni ile ile.

Bwana Mwenyekiti, wengine wamepita njia hii kabla yetu. Wazee mliokaa Mombasa mwajua vinyago vya Wakamba. Husimuliwa kuwa mwanzilishi wake, Mutisya Munge wa Wamunyu, alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, vya mwaka 1914 hadi 1918, akarudi kwao akafundisha jamaa zake. Kazi ya mtu mmoja ikawa ya kijiji, na mwaka 1963 wachongaji wa Changamwe wakaunda chama chao cha ushirika. Mchongaji mmoja akisimama peke yake mbele ya mnunuzi hushushwa bei. Wengi wakisimama pamoja husikilizwa.

Lakini Wakamba wana onyo pia kwetu. Walichonga mpingo na muhugu hata miti hiyo ikawa adimu, na tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakihimizwa kutumia mwarobaini, uotao kwa wingi hapa pwani. Nasi tutazame mikindu yetu. Kusuka hutaka majani machanga yasiyofunuka. Mkindu ukikatwa kila mara moyoni hudhoofika. Siku hizi akina mama wetu huufuata mbali kuliko mama zao walivyoufuata. Basi anayekata apumzishe shina, na kila kikundi kipande miche penye maji. Wala mtu asidhani kuwa atakwenda kukata ndani ya kaya. Kaya Kinondo imetunzwa na wazee kwa miiko tangu zamani, na mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliandikwa katika Urithi wa Dunia. Hatutaki jina la kijiji chetu litajwe kwa kuuvunja mwiko huo.

Na soko je? Watu hukimbilia kusema "watalii". Ni kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ufuo wa Diani hauko mbali nasi. Lakini mtalii ni kama pepo za bahari, zina majira yake. Masika yakiingia, hoteli hupungukiwa na watu. Baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 wageni walitoweka, na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, wachuuzi wa ufuoni walikaa na bidhaa zao mapajani. Anayemtegemea mgeni peke yake atalala njaa siku mgeni asipokuja.

Tusiwasahau wanunuzi wa nyumbani. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na tangu hapo mtu aendaye sokoni hutafuta cha kubebea. Kikapu cha bibi zetu, ambacho vijana walikionea haya, kimerudi kwa heshima. Arusi zataka mikeka. Misikiti na matanga hutaka majamvi. Tena tangu mwaka 2007 fedha hupelekwa kwa simu, hata mnunuzi aliyeko Nairobi aweza kulipa arubuni yake asubuhi hii na ukindu ukanunuliwa mchana huu. Kilichosalia ni uzuri wa kazi yenyewe, maana chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena mfano wa ushirika hauko mbali. Pale Gazi, jirani zetu, akina mama hupokea wageni juu ya njia yao ya mbao ndani ya mikoko. Na mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, umeleta fedha zilizotumika kwa maji na shule. Kama Gazi wameweza kwa mikoko, Mwabungo watashindwa nini kwa ukindu?

Sasa naja kwenye ombi langu. Naomba mkutano huu ukubali kuwakopesha akina mama kumi wasukaji shilingi 29,000 katika mfuko wa Chama, gharama ya vikapu 100, vikapu kumi kwa kila mama. Zitolewe kwa mafungu mawili ya shilingi 14,500. Fungu la pili lisitoke mpaka la kwanza limerudi. Daftari likaguliwe na Kamati kila mwezi. Na malipo ya kila msukaji atiwe yeye mwenyewe mkononi mwake, si mkononi mwa mumewe, wala mwangu.

Najua patakuwa na mzee atakayesema, "Fedha za Chama ni za maradhi na msiba." Ni neno la haki, wala silipingi. Lakini tuulizane: michango ya mfuko huo hutoka wapi? Mwaka huu mmesikia katika taarifa ya Mweka Hazina kuwa wako waliochelewa kulipa. Nyumba isiyo na pato haichangi msiba, hungoja kuchangiwa. Tukiitia nguvu mikono iliyomo ndani ya nyumba zetu, twaujaza mfuko, hatuutoboi. Wala siahidi kwamba hapatakuwa na hasara. Nimekwisha waeleza hasara yangu, shilingi kwa shilingi, ili mpime nanyi mkiwa na macho wazi. Hasara ikitokea katika fungu la kwanza, itakuwa shilingi 14,500 na hapo tutasimama.

Na mwingine atauliza kuhusu neno lile la malipo kutiwa mkononi mwa msukaji mwenyewe, kwamba lawavunjia waume heshima. Wazee wangu, mimi ni mume, na lile neno nimejiwekea mimi kwanza. Yule mama aliyeacha kusuka anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Juzi nilikwenda kwake na mke wangu, nikamwomba radhi, nikamwambia nitasimama leo mbele yenu kuleta ombi hili. Alijibu neno moja tu: kuwa atangoja kusikia wazee wamesema nini.

Bwana Mwenyekiti, naliweka jambo hili mbele ya mkutano.