Joto la Kabini na Upoaji wa Sailensa katika Ndege za Kujiundia: Mazingatio kwa Nyanda za Juu za Mau

Ndege ya kujiundia ni ile ambayo mwenyewe huijenga katika karakana yake, kwa kufuata michoro au kwa kuunganisha vipande vilivyotoka kiwandani. Katika ujenzi huo, mfumo wa kupasha joto kabini, yaani chumba cha rubani na abiria, mara nyingi huachwa hadi mwisho kana kwamba ni starehe tu, ilhali hewa inayowapasha watu joto ndiyo hiyo hiyo inayoikinga sailensa isiungue.

Jambo hili lina uzito wa pekee Elburgon, mji ulio kwenye miteremko ya Mau, takribani mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Kwa kuwa joto hupungua kwa takribani nyuzi 2 za Selsiasi kila futi 1,000, rubani anayepanda futi 3,000 zaidi ili kuvuka Mau huongeza upungufu wa nyuzi 6 juu ya baridi ya alfajiri ya Julai. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro jirani, alirusha ndege ya Avro Avian yenye viti vilivyo wazi katika miaka ya 1930, enzi ambayo kinga ya rubani ilikuwa koti zito. Kabini iliyofungwa iliondoa upepo, lakini moshi ukipenya humo hauna pa kutokea.

Njia iliyozoeleka ya kuipasha kabini joto ni kuivika sailensa koti la bati jembamba, ikiachwa nafasi ya kupitisha hewa kati ya viwili hivyo. Hewa safi husukumwa na propela pamoja na mwendo wa ndege, hupita ikikigusa chuma ambacho ndani yake mna gesi zenye joto la nyuzi 700 au zaidi, kisha hufuata bomba linalonyumbulika hadi kwenye kisanduku cha vali kilichofungwa katika ukuta wa moto, yaani bamba linalotenganisha injini na kabini. Makosa mazito huzaliwa hapo. Fundi akiweka kifuniko cha kufunga na kufungua tu, rubani asiyehitaji joto hukifunga, hewa husimama ndani ya koti, na chuma kisichopoa hujikunja na hatimaye kupasuka kwenye mishono. Vali ifaayo ina njia mbili: inapofunga upande wa kabini, hufungua upande wa nje ili hewa iendelee kupita na kumwagwa chini ya injini, iwe ni alfajiri ya Molo au adhuhuri ya Nakuru. Kisanduku chenyewe kiwe cha chuma, kwani alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na moto wa injini ungejipatia tundu katika ukuta uliowekwa kuuzuia.

Mafundi wa jua kali wanaochomelea mageti na mashine za kupasulia mbao wana mikono mizuri, ila chuma cha pua chembamba cha ekzosi kinadai zaidi: gesi ya agoni ipitishwe pia ndani ya bomba wakati wa kuchomelea, la sivyo mshono huungua kwa ndani, mahali ambapo jicho halifiki.

Ufa mdogo unatosha kuleta maafa. Kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ndiyo inayowaua wanaolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hushikamana na himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, na huku juu oksijeni tayari ni haba. Ndege ya Piper Malibu iliyoanguka baharini kati ya Ufaransa na Uingereza tarehe 21 Januari 2019 ilikuwa ya kiwandani, lakini damu ya abiria wake, mwanasoka Emiliano Sala, ilikutwa na asilimia 58 ya himoglobini iliyotekwa na gesi hiyo.

Kwa hiyo koti lote livuliwe wakati wa ukaguzi, badala ya kuchunguliwa kwa tochi pembeni. Mabaki ya kijivu au meupe kandokando ya mshono ni dalili ya uvujaji, nayo hewa ya kanieneo ndogo ikipulizwa ndani ya ekzosi iliyopakwa maji ya sabuni, mapovu huonyesha ufa ulipo. Kipima-gesi cha kielektroniki chenye king'ora kiwekwe mbele ya macho ya rubani. Kikilia, vali ya joto ifungwe mara moja, madirisha na matundu ya hewa safi yafunguliwe, na ndege itue kwenye uwanja ulio karibu zaidi.