Siku ya Karani na Utulivu wa Moyo Wake

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya jinsi karani awezavyo kutimiza kazi ya siku pasipo kuichosha roho yake. Tulipoisoma barua ya Katibu tulicheka kidogo, maana ilitufikia siku tuliyokuwa na majalada 31 mezani na kichwa kikituuma. Walakini pengine hiyo ndiyo sababu ya kuchaguliwa sisi. Mganga aliyepata kuugua hasemi upuuzi mwingi mbele ya mgonjwa.

Basi hatukuja kufundisha. Kwanza tutaungama, kisha tutaeleza yale tuliyoyajaribu, na yale tuliyoyasoma kwa wengine.

Miaka kadha iliyopita tulikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ambayo hatutaitaja jina. Tulisifiwa kwa wepesi. Simu ikilia, twaacha kalamu; mgeni akibisha hodi, twaacha simu; mkubwa akiita, twamwacha mgeni. Ikifika saa ya kufunga tulikuwa tumegusa kila kitu, na hatukumaliza hata kimoja. Siku moja akaja mzee mmoja mstaafu kuuliza habari za kiinua mgongo chake. Tukamjibu kwa adabu kwamba jambo lake linashughulikiwa. Neno hilo, mabwana, mnalijua. Hata sasa twaona baadhi yenu mnatazama chini. Akarudi mwezi wa pili, tukamjibu lile lile. Mara ya tatu alikuja na mjukuu wake akiwa amemshika mkono. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, nauli ya safari hii nimeuza mbegu za mahindi."

Tukaondoka, tukatafuta. Hati yake ilikuwa chini ya daftari la barua ziingiazo, nayo ilipungukiwa na saini moja tu. Kazi ya dakika 10 ilikuwa imelala siku 74. Hatukuwa wezi, wala wavivu, wala hatukumchukia mzee yule. Tulikuwa na shughuli nyingi mno. Na huo ndio udhuru ambao hauwezi kurudisha mbegu shambani. Usiku ule hatukupata usingizi, na usingizi ulipokuja tuliota mahindi.

Toka siku ile tulianza kutafuta njia nyingine ya kuipanga siku. Katika kutafuta tukasoma habari za karani mmoja wa Uingereza, ambazo zafaa kusimuliwa hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu alikuwa mwenzetu hasa.

Jina lake Anthony Trollope. Aliingia Posta Kuu ya London mwaka 1834 akiwa na umri wa miaka 19, mshahara wake pauni 90 kwa mwaka. Kwa miaka 7 ya kwanza alikuwa karani mbaya. Alichelewa kazini, akagombana na wakubwa, akaishi kwa mkopo. Wakati huo alikuwa na deni la mshona nguo, pauni 12. Deni hilo likaangukia mikononi mwa mkopeshaji wa riba, na kwa fedha taslimu Trollope alipokea kwake pauni 4 tu. Lakini kwa kuandikishana upya na tena upya, mwisho alilipa zaidi ya pauni 200. Tena mkopeshaji yule alikuwa akimfuata mpaka ofisini kila siku, anasimama nyuma ya kiti chake, anamnong'oneza kwamba angependa awe mtu wa kulipa kwa wakati. Ndugu, ni nani awezaye kujumlisha hesabu bila kosa na mdai wake amesimama nyuma ya kiti? Twadhani katika ukumbi huu wamo watu ambao mdai hasimami nyuma ya kiti chao, lakini amekaa ndani ya kichwa chao, na kila tarehe 20 ya mwezi huanza kusema. Mtu huyo akikosea hati ya malipo tusimwambie tu aongeze bidii. Tumuulize, ikiwa twapendana, anadaiwa kiasi gani. Sisi wenyewe tulianza kupata nafuu siku tulipoandika madeni yetu yote katika ukurasa mmoja, hata lile la sukari dukani. Yalikuwa mengi, lakini yalikuwa machache kuliko tulivyokuwa tukiyaogopa gizani.

Turudi kwa Trollope. Mwaka 1841 alihamishiwa Ireland, na huko akageuka kuwa mtumishi hodari. Baadaye akashika desturi iliyomjulisha kwa watu wote. Alimwongeza mtumishi wake mzee pauni 5 kwa mwaka ili amwamshe asubuhi na mapema na kumletea kahawa. Saa 11 na nusu alfajiri alikuwa amekwisha keti mezani. Nusu saa ya kwanza alisoma aliyoyaandika jana. Kisha aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kwa kila robo saa. Baada ya saa 3 alifunga, akaenda zake kula, kisha kazini Posta. Hivyo ndivyo alivyoandika riwaya 47, na nyingi za hizo aliziandika naye bado ni mtumishi wa Posta, mpaka alipoacha kazi mwaka 1867. Wako waliomcheka walipoyasoma hayo katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1883, wakaona mwandishi hapaswi kufanya kazi kama fundi viatu. Sisi twaona fundi viatu hana aibu yo yote.

Wala si lazima kuvuka bahari kutafuta mfano. Marehemu Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hata 1944, akaendelea na utumishi katika idara nyingine za serikali baada ya hapo. Mashairi yale hayakutungwa na mtu aliyekaa bure barazani.

Sasa katika desturi ya Trollope tulichukua jambo moja tu, maana kuamka alfajiri kama yeye tulijaribu kwa siku 4, mke wetu akatuomba tuache kuwaamsha watoto. Tulichukua hili: saa ya kwanza ya kazi ni ya jambo moja gumu, lile tunalolikwepa. Waswahili tunaanza kuhesabu saa za mchana jua lichomozapo, na twaona hesabu hiyo ina maana yake, kwamba akili nayo huchomoza. Basi tukifika ofisini saa 1 na nusu, hatufungui barua mpya mpaka saa 2 na nusu. Tunalitoa jalada moja, tunaliweka peke yake katikati ya meza, mengine yanakaa kabatini. Akija mgeni twamwomba kwa heshima aketi kidogo; na mara nyingi huketi bila kinyongo, kwa kuwa aona tunafanya kazi kweli. Mkubwa akiita, twaenda. Hatukuja hapa kuwafukuzisha kazi. Lakini kabla ya kuinuka twaandika kwa kalamu ya risasi mstari mmoja juu ya karatasi: tumefika hapa, kinachofuata ni hiki. Mstari huo mmoja umetuokolea muda mwingi kuliko ushauri wo wote tuliopata, kwa sababu arudiye kwenye kazi iliyokatizwa hupoteza muda akitafuta alipoachia, na wengine, kama sisi zamani, hawatafuti, huanza kazi nyingine.

Jambo la pili ni daftari la jioni. Katika Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, huko Marekani, wataalamu waliwachunguza vijana 57, na habari yake ilitangazwa mwaka 2018. Nusu yao waliambiwa kabla ya kulala waandike kwa dakika 5 mambo wanayopaswa kuyafanya siku zijazo. Nusu nyingine waandike mambo waliyokwisha yafanya. Ungedhani wa kwanza watakosa usingizi kwa wasiwasi. Kumbe walisinzia mapema kuliko wenzao kwa dakika 9 hivi, na kadiri mtu alivyoandika kwa kinaganaga ndivyo alivyowahi kulala. Twaona sababu yake hivi: jambo lisiloandikwa hulindwa na kichwa usiku kucha, kama mlinzi asiyeaminiwa na mwenzake wa zamu. Likiandikwa, karatasi inashika zamu. Sisi huandika kabla ya kutoka ofisini, si kitandani, na haturuhusu zaidi ya mambo 6. La saba likija, tunauliza ni lipi katika yale 6 litakalotoka. Zamani tuliandika 20, na orodha ya 20 si mpango, ni malalamiko.

Juu ya mwili tutapita haraka, kwa kuwa waganga wamekwisha sema. Mtu mzima yampasa kulala saa 7 au zaidi. Chai ya rangi na kahawa za jioni tuzipunguze, maana baada ya saa 5 hivi karibu nusu ya nguvu yake bado i mwilini. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja. Kutembea kwa haraka dakika 150 kwa juma kwatosha kwa kuanzia, na karani aishiye mbali na ofisi ana bahati asiyoijua. Tena tukapimwe presha, maana ugonjwa huo hukaa kimya miaka mingi.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, tungekuwa tumewadanganya wanachama kama tungeishia hapo, tukasema kila mtumishi anayeugua kwa mashaka ya kazi ajilaumu mwenyewe kwa kukosa daftari. Iko habari moja inayotuhusu sana. Mwaka 1967 kulianzishwa uchunguzi wa watumishi wa serikali ya Uingereza, unaoitwa kwa jina la mtaa wa ofisi zao, Whitehall. Wanaume zaidi ya 17,000 walifuatwa kwa miaka 10. Watu wengi walidhani wakubwa, wenye madaraka mazito, ndio wafao kwa ugonjwa wa moyo. Ikaonekana kinyume: wa daraja la chini kabisa walikufa kwa kiasi cha mara 3 ya wale wa juu, na hao wote walikuwa na mshahara wa kila mwezi na kiti cha kukalia. Uvutaji wa tumbaku na presha vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Mwaka 1985 ukaanza uchunguzi wa pili, watu 10,308, wanaume kwa wanawake, chini ya mganga Michael Marmot. Humo ikadhihirika kwamba mtumishi asiye na neno lo lote juu ya kazi yake, asiyeweza kuamua aanze na lipi wala apumzike lini, ndiye aliye katika hatari zaidi ya maradhi ya moyo.

Mabwana, tuliposoma hayo tuliona kwamba ile saa moja ya asubuhi tunayoilinda, na ule mstari wa kalamu ya risasi, si ufundi wa ofisi tu. Ni kipande kidogo cha siku ambacho ni chetu. Karani wa chini hapewi kipande hicho, hukimega. Na pale asipoweza kukimega peke yake, hapo ndipo kazi ya chama. Ndugu zetu waliokutana Tanga mwaka 1922 na kuanzisha chama cha watumishi Waafrika, Martin Kayamba akiwa kiongozi wao, walijua kwamba yako mambo ambayo mtu mmoja mwenye tabia njema hawezi kuyapata kwa tabia njema peke yake.

Kwa hiyo twaleta maombi mawili mbele ya mkutano. La kwanza, Halmashauri iwaandikie wakuu wa ofisi kuomba kwamba kazi isiyo ya dharura isiletwe mezani katika nusu saa ya mwisho, ili mtu apate kuandika daftari lake na kufunga kabati. La pili, mfuko wa chama uwakopeshe wanachama bila riba wale wanaodaiwa na wakopeshaji, kwa siri, na Mweka Hazina peke yake ndiye ajue majina. Makadirio yake tumeyaandika. Yako kwa Katibu.

Yule mzee alilipwa. Nauli zake 3 hatukuweza kumrudishia katika fungu lo lote la serikali, tukamrudishia wenyewe, naye alikataa mara mbili kabla ya kupokea.

Tuko tayari kwa maswali, Bwana Mwenyekiti.