Mavazi ya Kijana wa Ofisini Uingereza

Maneno yaliyosemwa na mwanafunzi wa zamani, ambaye ni mtumishi wa serikali, mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka.



Katibu aliniomba nizungumze juu ya jambo litakalowafaa vijana wanaokwenda kusoma Uingereza, ambao baadhi yao hupata kazi za ofisini huko baada ya masomo. Huenda alitarajia niseme habari za vitabu. Mimi nimechagua nguo. Najua wengine mtacheka, lakini nilikaa huko miaka miwili, mmoja darasani na mmoja ofisini, nikaona vijana wenye akili wakitaabika kwa jambo ambalo hakuna mtu aliyewaeleza.

Zamani mambo yalikuwa rahisi. Mwanamume wa ofisini alivaa suti na tai, basi. Siku hizi suti imerudi nyuma. Mwaka 2017 Spika wa Bunge la Uingereza alitamka kwamba wabunge wanaume hawalazimiki kuvaa tai. Mwaka 2019 benki ya Goldman Sachs, iliyosifika kwa suti zake, iliwalegezea wafanyakazi masharti ya mavazi. Kisha ikaja korona mwaka 2020, watu wakafanyia kazi nyumbani. Na Machi 2022 Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliiondoa suti ya kiume katika orodha ya bidhaa inazotumia kupimia mfumuko wa bei, ikaingiza koti linalovaliwa peke yake.

Mahali pa suti pakashikwa na vazi ambalo Waingereza wamelipa jina la maneno mawili: la kwanza lina maana ya kazi, la pili lina maana ya kujilegeza. Taabu yote imo katikati ya maneno hayo mawili. Suti ilikuwa na kanuni, na kanuni hata mgeni huweza kujifunza. Kujilegeza kwa kadiri hakuna kitabu. Katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2021 Bunge lilikumbushwa kwamba koti ni lazima kwa wanaume, na kwamba jinzi na kadeti hazifai humo.

Msidhani haya ni mambo madogo. Mwaka 2016 tume ya Uingereza inayochunguza jinsi watoto wa maskini wanavyoweza kupanda katika maisha ilitoa ripoti iliyogusa benki za uwekezaji. Humo ilielezwa kwamba vijana wenye uwezo walikataliwa kwa mambo kama kuvaa viatu vya kahawia pamoja na suti, au tai yenye rangi za kelele. Hao walikuwa Waingereza wenyewe! Watoto wa matajiri walijifunza kanuni hizo kwa baba zao. Watoto wa wafanyakazi hawakuwa na wa kuwaambia. Wahenga walisema ukifika kwa wenye chongo nawe fumba lako jicho. Sawa, lakini huko hawakuambii ni jicho lipi.

Kwa hiyo shauri langu la kwanza ni kuuliza. Ukishapata barua ya kazi, mwandikie ofisa wa utumishi: "Wafanyakazi wa idara yenu huvaaje?" Swali hilo ni la kawaida, wala halikushushii heshima. Usipopata jibu lililo wazi, siku ya kwanza vaa koti na shati lenye kola, na tai uwe nayo mfukoni. Ukiwakuta wenzako wamefunga tai, utaifunga mara moja. Lakini kuitafuta saa tatu asubuhi ukiwa huna ni balaa.

La pili, anza na vichache vinavyopatana. Koti moja la bluu nzito. Suruali mbili za kitambaa, ya kijivu na ya bluu, na kadeti moja. Mashati matano, meupe na ya bluu hafifu. Sweta moja jepesi la sufi. Viatu vyeusi vya ngozi vya kufunga kamba, na mkanda wa rangi hiyo hiyo. Soksi ziwe ndefu, ukikaa muundi usionekane. Raba, jinzi na fulana zenye maandishi ziache kwanza, hata ukimwona mwenzako amezivaa. Yeye amekwisha kujulikana kwa kazi yake, wewe bado.

Vaeni kwa tabaka. Nje kuna mvua na baridi, na ndani mwongozo wa kazi unataka ofisi isipungue nyuzi 16 za joto. Hizo kwa mtu wa kwetu bado ni baridi! Sweta ndani ya koti litakufaa kuliko koti moja zito.

La tatu ni fedha. Usikope ili uvae. Katika miji ya huko kuna maduka ya mitumba ya mashirika ya hisani, kama Oxfam, na Waingereza wenyewe hununua humo bila haya. Sehemu ya mitumba inayofika kwetu ilianzia katika maduka ya namna hiyo. Ninyi mtainunua kwenye chimbuko. Nguo ya bei nafuu iliyokukaa inaishinda ya ghali inayokupwaya. Na suruali zako zipeleke kwa fundi hapa nyumbani kabla hujasafiri.

Yaliyobaki mliyapata bwenini: kufua, kupiga pasi, kuchomekea na kutia viatu kiwi. Mwanafunzi aliyezoea ukaguzi wa usafi wa shule hii haogopi ofisi yoyote.

Kijana mmoja aliniuliza jana kama haya si kumwiga Mzungu. Nilimjibu kwamba hakuna anayemtaka auache utu wake. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi au dini yake, na sharti la mavazi linalowaumiza watu wa dini fulani lazima liwe na sababu ya haki. Mwenye kofia ya dini yake asiivue kwa woga. Aulize, ajue haki yake. Bali nguo za kazi ni kama sare mliyovaa leo: zinakuondolea maswali, ili watu wasikilize unachosema.

Mwisho nawageukia wanachama wenzangu. Baadhi yenu mna ndugu na watoto wanaofanya kazi huko. Majina yao yafike kwa Katibu, ili kijana wetu anayekwenda awe na mtu wa kumwandikia kabla ya siku ya kwanza. Wenzake wana baba wa kuwauliza. Yeye atuulize sisi.